Majina Yaliyokatwa

Je, umewahi kusikia darasa zima la watoto likinyamaza lenyewe, bila fimbo wala ukali wa mwalimu? Tulia nikusimulie.

Ilikuwa kwenye duka la kupiga chapa, mchana, watu wamebanana na mashine zinanguruma. Mwalimu wa darasa la nne alikuwa kwenye foleni, kavaa gauni la kijani lenye kola nyeupe, kakumbatia rundo la karatasi. Mara akasikia mtu anacheka nyuma ya bega lake. Kugeuka, kijana mrefu, aproni imekauka gundi, anasoma karatasi ya watu.

"Kaka, umealikwa?"

"Samahani, dada. Huyu mbuzi kala sare ya shule? Nani kaandika?"

"Mwanafunzi wangu. Vitabu vya kabatini ni theluji na majumba ya wafalme, watoto wakivisoma wanapiga miayo. Nikawaambia kila mmoja aandike ya kwao."

"Basi niachie, nizishone ziwe vitabu. Ndiyo kazi yangu."

Tangu siku hiyo simu haikutulia.

"Umekula, Fundi?"

"Nimekula gundi. Sauti yako ndiyo mchuzi."

"Toka hapa!"

Mwalimu akikata simu anabaki anauchekea ukuta. Lakini neno lenyewe, lile linalongojwa, Fundi hakulitamka. Kila likifika mdomoni analigeuza mzaha, na Mwalimu naye anangoja.

Basi vitabu vikaja. Vyembamba, vimeshonwa kwa uzi mwekundu, kingo zimenyooka kama rula. Mwalimu akageuza kimoja, akageuza cha pili, akavipekua vyote. Kila mtoto alikuwa ameandika jina lake kwa mkono wake, chini kabisa ya jalada. Fundi, kwa kupenda kingo zilizonyooka, alivipitisha vyote kwenye kisu. Majina yalikwenda na takataka.

Akampigia. "Umewakata watoto wangu!"

"Mpenzi, kingo zilikuwa zimepinda..."

"Mtoto ameona jina lake juu ya kitabu mara ya kwanza maishani, wewe umelifyeka! Nani atasoma kitabu kisicho chake?"

Fundi akababaika, na mtu akibabaika hukimbilia alichozoea. "Basi tuseme mwandishi ni mbuzi."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, haikupokelewa. Vitabu akarudishiwa dukani bila hata salamu.

Juma lililofuata, wakati wa kipindi cha kusoma, hodi ikabishwa mlangoni mwa darasa. Fundi huyo, shati la buluu limepigwa pasi, kucha bado zina gundi, kabeba boksi.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema kwa woga, na watoto wakaangua kicheko, maana yeye na Mwalimu walikuwa rika moja.

Akagawa. Chini ya kila jalada kulikuwa na ukanda mwembamba wa karatasi, umebandikwa kwa ustadi, na juu yake jina, mwandiko uleule wa mtoto. Alikuwa ameyaokota yote kwenye gunia la vipande.

Zikapigwa kelele, bati likatetemeka. "Langu hili! Langu!" Kisha wakaanza kubadilishana, huyu anataka cha mbuzi, yule anataka cha bibi aliyemkaripia mwizi wa ndoo. Halafu, ewe msikilizaji, kimya. Vidole vinatambaa chini ya mistari. Midomo inatikisika. Binti mmoja waliyezoea kumwita Bubu alikuwa anasoma, machozi ya kicheko yanamtoka. Mwalimu mkuu alikuja mbio akidhani darasa limetoroka. Akasimama mlangoni, akavua viatu, asijue kwa nini.

Mwalimu akamsogelea Fundi ukutani, sauti ya chini.

"Ulijuaje jina lipi la kitabu kipi?"

"Mwandiko. Nimevisoma vyote. Vingine mara mbili."

"Vyote?"

"Nilipokata majina, nilikuwa natazama kingo tu. Nilipoyatafuta, ndipo nikawaona watoto. Sasa mbuzi yule..."

"Leo usinitanie, Fundi."

Fundi akatazama viatu vyake. Akatazama kola ile nyeupe. Alidhani ananong'ona, lakini kwa kimya kile vichwa vyote viliinuka kutoka vitabuni:

"Nakupenda. Nataka nikuoe."