Mtoto wa Fundi Hangoji Benchini

Baba yangu ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kimegawanywa na pazia zito la kijani. Mbele kuna benchi la wateja. Nyuma kuna meza ya kukatia, cherehani mbili, baba na shangazi. Mteja, hata awe mkubwa namna gani, hungoja benchini mpaka aitwe. Mimi nimekuwa nikipita chini ya pazia hilo tangu nikiwa natambaa. Kila nikitoka shuleni huingia moja kwa moja, natupa mkoba chini ya meza na kuanza kuokota pini sakafuni kwa sumaku.

Nyuma ya pazia kuna sheria moja kubwa: mkasi wa kitambaa haukati karatasi. Karatasi hula makali. Nami, mtoto wa fundi, niliyeijua sheria hiyo kabla ya kujua kusoma, siku ya Ijumaa niliuchukua mkasi huo nikakatia boksi gumu. Nilitaka kumtengenezea mama kadi. Alikuwa amelazwa hospitali, na Jumatatu saa tisa alasiri angefanyiwa upasuaji wa tumbo.

Kesho yake mkasi ulitafuna satini nyeupe ya joho la kwaya.

"Dada, umekata nini kwa mkasi huu?" baba alifoka.

"Mimi? Sijakata chochote!" shangazi alijibu, macho yamemtoka.

Baba hakumwamini. Shangazi alishinda akifumua kola ya lile joho iliyoharibika, nami nikatulia kama maji mtungini.

Jumapili nilikwenda kwenye darasa la watoto kanisani. Mwalimu wetu tulimwita Mwalimu Kengele, maana hata ukipiga chafya alikugongea kengele yake ndogo.

"Nani atatuongoza katika sala?" aliuliza.

Niliinua mkono. "Mimi, mwalimu. Nataka kumwombea mama. Kesho anapasuliwa."

Alinitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu. Gauni langu halikuwa limepigwa pasi. Lingepigwaje, na anayenipigia pasi yuko kitandani hospitalini?

"Mbele za Mungu mtu haendi anavyotaka," alisema. "Aya ya wiki hujaikariri, gauni nalo kama limetoka mdomoni mwa ng'ombe. Kwanza jitengeneze, ndipo uje."

Wenzangu wakaangua kicheko. Mwalimu akamchagua Kasuku, mvulana mwenye maneno matamu. Kasuku akaombea mito, milima, marubani na wanyama wote wa porini. Mama yangu hakumtaja hata mara moja! Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Fisi aombewe, mama yangu asiombewe!

Lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu. Je, kama mwalimu alisema kweli? Mungu angemsikilizaje mtu aliyeharibu mkasi, akamwacha shangazi yake abebe lawama? Tangu saa ile sikuomba tena, hata kabla ya kula.

Jumatatu nilikimbia kutoka shuleni. Saa nane na nusu nilikuwa mlangoni. Nani ameketi benchini? Mwalimu Kengele mwenyewe, amefuata joho lake la kwaya.

"Shikamoo, mwalimu," nilisema, nikainua pazia.

"Wewe mtoto! Mimi nina saa nzima hapa, wewe unapita tu?"

Baba alijibu kutoka ndani, "Huyo ni mwanangu, mwalimu. Hangoji benchini."

Hospitali ilimruhusu ndugu mmoja tu kukaa na mama, naye alikuwa bibi. Baba alikuwa akishona huku simu iko mezani, na mshono mmoja alikuwa ameufumua mara tatu.

"Baba," nilisema, "mwombee mama wewe kabla ya saa tisa. Mimi siruhusiwi."

"Nani amekwambia huruhusiwi?"

Nikamwaga yote: gauni, aya, kicheko, Kasuku na fisi wake. Kisha nikamalizia na lile zito. "Na mkasi niliuharibu mimi. Si shangazi."

Cherehani ya shangazi ilinyamaza. Baba alisimama.

"Mwombe shangazi yako radhi. Na mimi pia, dada, nisamehe." Nikamwomba radhi shangazi, naye akanipigapiga begani. Halafu baba akapaza sauti, na pazia si ukuta. "Lakini hili la kutoruhusiwa! Siku Yesu alipokufa, pazia la hekalu, lililowazuia watu wasiingie mbele za Mungu, lilipasuka kutoka juu mpaka chini. Nani amelishona tena? Mimi ndiye fundi wa mtaa huu, na sijalishona!"

"Wala mimi," alidakia shangazi.

"Umeingia kwangu na gauni hilo hilo, na kosa mkononi. Nimekufukuza?"

"Hapana, baba."

"Basi mimi mwenye hasira za karibu sikukufukuza, atakufukuza Mungu?"

Kisha sauti ndogo ikatoka upande wa benchi. "Fundi, naweza kuingia?"

Baba alinitazama. Nilikuwa bado na hasira na mwalimu, sifichi. Lakini nikamwinulia pazia.

"Nimekukosea, mwanangu," Mwalimu Kengele alisema, macho chini. "Saa tisa inakaribia. Omba wewe. Sisi tutaitikia."

Nilifumba macho. "Baba Mungu, mama yangu anaingia kupasuliwa. Usimwache. Na unajua ya mkasi. Nisamehe. Amina."

Hiyo ndiyo sala yote. "Amina," wakaitikia watatu, na hakuna aliyepiga kengele.

Saa kumi na moja simu ililia. Alikuwa bibi. "Ametoka salama! Amefumbua macho sasa hivi, anauliza kama mmekula."

Shangazi alipiga vigelegele. Baba alifuta uso kwa kipande cha satini, kisha akanipa jiwe la kunolea na ule mkasi.

"Sikia, mwanangu," alisema. "Siku ukikosa, usikimbilie mbali na Mungu. Mkimbilie yeye. Nenda na kosa lako, nenda na mikunjo yako, sema naye bila woga, kwa sababu ni Baba yako. Makosa yatatengenezwa ukiwa ndani, si ukiwa nje." Akaketi kwenye cherehani yake. "Haya, noa."

Nikanoa mpaka mikono ikauma.