Gari la Bluu Mbele ya Chumba Namba Sita

"Usinishike mkono! Nijibu kwanza. Paulette ni nani?"

Denise aliganda katikati ya jiko, buti moja mguuni, nyingine mkononi, theluji ikiyeyuka sakafuni.

"Lorna, nimepita kubadilisha soksi tu. Nina dakika kumi."

"Mimi dakika kumi. Paulette jana alipewa saa nzima na robo. Nilikuwa naangalia saa."

"Ulinifuata?"

"Nilikuwa doria."

"Moteli ya Birch Point si eneo lako la doria."

"Na kukumbatia wanawake mlangoni si kazi ya upelelezi!"

Mimi ni askari polisi kwa miaka kumi na moja sasa. Nimeamua ugomvi wa wanandoa nusu ya mji huu, nikiwaambia watu wapumue na wahesabu mpaka kumi. Siku ile sikuhesabu hata moja. Mimi na Denise tumeoana miaka sita, mimi mwenye sare, yeye mpelelezi mwenye koti zuri, na sikuwahi kumshika na uongo mpaka Jumapili, alipoisahau simu yake juu ya mashine ya kufulia. Ujumbe ukaingia, nikausoma:

"Nimepata blanketi. Asante, D. Tafadhali mkeo asijue."

"D!" nilimwambia. "Mimi nakuita Denise miaka yote, yeye wiki moja tu ameshakufupisha. Na blanketi juu! Mimi nilipolazwa kwa homa ya mapafu uliniletea nini? Supu ya kopo. Baridi."

"Ngoja. Jina Paulette umelipata wapi? Kwenye simu yangu hakuna jina hilo."

"Gari langu la doria lina kompyuta, mpenzi. Niliingiza namba za gari lake. Subaru ya bluu, mbele ya chumba namba sita. Paulette Gruber, miaka thelathini na nne, macho ya kijani. Nilisoma mpaka macho."

Kwetu sisi hilo si jambo dogo. Kompyuta ile haikuwekwa kwa ajili ya kusakia wapenzi wa wake zetu. Kila namba unayoingiza inabaki na jina lako, na ukikosa sababu ya kikazi, unavuliwa beji. Nilijua. Niliingiza hivyo hivyo.

Nilitegemea anifokee. Badala yake aliketi.

"Lini?"

"Leo asubuhi. Sasa hivi tu, kabla sijaja hapa kukusubiri."

"Kompyuta ilikupa ilani yoyote?"

"Ndiyo. Ukiliona gari hili, mjulishe Luteni Oberg. Sikumjulisha. Alinipigia mwenyewe kabla ya dakika mbili kuisha; kompyuta ilishamwarifu kuwa nimeingiza zile namba."

"Ukamwambia nini?"

"Lilipo. Alisema mwenye gari anatafutwa kwa wizi wa dukani. Nikasema moyoni, safi! Afungwe pingu huku mpenzi wake akitazama."

"Na chumba ulimtajia?"

"Namba sita."

Denise alifunika uso kwa viganja.

"Gruber ni jina la kwao, Lorna. Jina la mumewe ni Oberg."

"Luteni wetu?" nilimuuliza.

"Alimvunja mbavu mbili," Denise alisema. "Na anauza dawa za kulevya anazoiba kwenye stoo yetu ya ushahidi. Kesho mkewe anatoa ushahidi dhidi yake mahakamani. Wapelelezi wa jimbo walinipa mimi kazi ya kumficha, na wakanikataza kumwambia mtu yeyote wa kituo chetu. Hasa wewe, kwa sababu uko zamu moja na Oberg."

"Hasa mimi."

Hata wakati ule, Mungu anisamehe, wivu ulinichoma upya. Kuna mwanamke alibeba siri na mke wangu, nami nikaachwa nje kama buti zenye matope.

"Oberg alikupigia akiwa wapi?"

"Alikuwa anatoka mahakama ya kaunti."

"Mpaka moteli ni nusu saa. Mmeongea muda gani uliopita?"

"Robo saa. Na kidogo."

Alimpigia Paulette. Simu iliita mpaka ikakata. Akawapigia wapelelezi wa jimbo, sauti ya mashine ikamwambia asubiri, muziki ukaanza. Akaniangalia.

"Tukitoka sasa tutafika naye sawa, au nyuma yake. Kuna askari wa jimbo anayekaa na gari lake pale kwenye kituo cha mafuta, ng'ambo ya moteli. Mwite kwa redio. Sema mimi ndiye niliyekutuma uingize zile namba, kwa ajili ya upelelezi."

"Ili nisipoteze kazi?"

"Ndiyo, ili usipoteze kazi, kichwa maji wewe!"

"Na kesho wakili wa Oberg akikuuliza mbele ya hakimu, utaapa uongo? Kesi itakufa hapo hapo. Paulette atarudi kwa nani?"

Alianza kuvaa buti.

Mawimbi ya dharura yanasikilizwa na polisi wote, wa mji na wa jimbo. Oberg naye angesikia. Nikabonyeza redio begani kwangu.

"Kituo, hapa ni kumi na nne, Lorna Kesti. Askari yeyote wa jimbo aliye karibu na moteli ya Birch Point aende chumba namba sita. Kuna shahidi anayelindwa. Luteni Curtis Oberg yuko njiani kwenda kumdhuru, na ana silaha. Anajua shahidi alipo kwa sababu mimi niliingiza namba za gari lake bila sababu ya kazi, kisha nikamwelekeza. Nilifanya hivyo kwa kumwonea wivu mke wangu. Luteni, najua unanisikia. Na kila mtu ananisikia."

Nilihisi mkono wa Denise ukishika mkanda wangu kwa nyuma.

Dakika moja baadaye ikaja sauti ya mwanamke redioni, tulivu:

"Hapa ni mia tatu na mbili, askari wa jimbo. Nimefika mlangoni. Hapiti mtu."

Simu ya Denise ikalia, ujumbe wa Paulette: "D, kuna polisi mwanamke nje. Nifungue?" Akamjibu: "Fungua."

Dakika kumi baadaye, mia tatu na mbili alirudi hewani. Gari la Oberg lilipita mbele ya moteli polepole, halikusimama, na askari wengine wawili wa jimbo walilizuia barabarani. Denise alishusha pumzi kama aliyekuwa amezibwa pua.

"Huyo mia tatu na mbili," niliuliza, "mnafahamiana?"

"Lorna!"

"Nauliza tu."

Redio ikaniita tena. "Kumi na nne, mkuu anakutaka ofisini. Uje na beji."

"Umenikasirikia?" nilimuuliza Denise.

"Sana. Mpaka theluji iishe, na theluji ya mwaka huu ni nyingi. Twende, nakupeleka mwenyewe."

Nje nilifungua mlango wa nyuma wa gari lake, pale wanapokaa watuhumiwa.

"Mbele, mjinga wewe," alisema.

Nikahamia mbele, nikaibandua beji kifuani, nikaishika mkononi njia nzima mpaka mezani kwa mkuu.