Safari Hii Usimtume Shangazi

“Ufunguo wako huu, Usi. Kidawa kaenda kwao.”

Usi, fundi redio wa Darajani, alisimama kwenye ngazi na mkoba wake wa bisibisi. Aliyempa ufunguo alikuwa Bi Lilavati, jirani wa chini, mama wa Kihindi aliyezijua habari za nyumba ile kuliko mwenye nyumba.

“Kaenda saa ngapi?”

“Adhuhuri. Kasema nikwambie chakula hakipo.”

“Hakipo kwa nini?”

“Anaogopa mkate wake usije ukakuvunja meno.”

Usi alijua papo hapo maneno yale yametoka wapi. Jana jioni, walipotoka kujitolea kukoroga zege la majumba mapya ya Michenzani, alikaa barazani Mkunazini na wenzake, kila mmoja akichekesha kwa vituko vya mkewe. Ilipofika zamu yake, akasema mkate wa mchele wa kumimina anaoupika Kidawa ukimrushia mwizi, mwizi hafikishwi polisi, anapelekwa hospitali. Watu walicheka hadi machozi. Rafiki yake Mjaka akaenda kumhadithia mkewe, Sichana. Na Sichana, asubuhi kwenye foleni ya mchele, akamhadithia Kidawa mwenyewe mbele ya wanawake wa mtaa mzima, akidhani mzaha ule na yeye anaujua.

Kilichouma zaidi ni kwamba nyumbani Usi aliula mkate ule ule, akaongeza kipande, akasema, “Tamu, maashallah.”

Sasa tumseme kidogo huyu bwana, maana anastahili. Kidawa alishawahi kwenda kwao kabla ya hapo, na kila akienda, Usi humtuma shangazi yake, Bi Tabia, na sinia ya halua na maneno laini. Kidawa hurudi. Lililomkasirisha halitajwi tena, linabaki palepale ndani ya nyumba, nao wanalipita kimya kimya. Usi aliona huo ndio uungwana.

Safari hii Bi Tabia alirudi na sinia yake kama ilivyokwenda.

“Kakataa?”

“Hata kawa hakuifunua.”

“Kasema nini?”

“Kasema, ‘Shangazi, wewe nnakupenda, lakini si wewe uliyenisema. Usi akituma mjumbe mwengine, basi mjumbe huyo aje na talaka yangu.’”

“Talaka! Kidawa katamka neno hilo?”

“Tena hakulia, mwanangu. Angelia, ningejua la kufanya.”

Usi akajishika kichwa. “Shangazi, kesho nenda tena na Mzee Jaku. Kidawa anamheshimu mzee yule.”

“Siendi mimi. Umenizeesha kwa kubeba halua! Mke wako, na mdomo wako. Nenda mwenyewe.”

Kwenda mwenyewe! Mkwe haendi peke yake ukweni kumtaka mke. Huenda watu wazima, wakakohoa, wakazunguka maneno, yeye akasubiri nyumbani. Jioni ile ile Usi alitoka mjini mpaka Kikwajuni huku akipanga hotuba, na alipofika mlangoni yote ikamtoka.

“Hodi!”

Mama yake Kidawa, Bi Mwanakheri, alifungua, akachungulia nyuma ya Usi kumtafuta mtu mzima.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umekuja na nani?”

“Peke yangu.”

“Makubwa! Haya, pita ukae.”

Akakaa. Nyuma ya pazia mkono anaoujua ukatokeza, ukaweka bakuli la muhogo wa nazi juu ya meza. Moyo wa Usi ukapata matumaini. Akatia tonge mdomoni. Chumvi ikamkata ulimi, macho yakamtoka maji.

“Vipi?” Sauti ya Kidawa ikauliza ndani.

“Tamu, maashallah.”

Pazia likafunguka kwa nguvu.

“Usi! Nimetia chumvi mpaka mama kanishika mkono! Paka kanusa kakimbia! Na wewe unaniambia tamu?”

“Sikutaka kukuudhi.”

“Hutaki kuniudhi mimi, unakwenda kuyasema barazani?”

“Mjaka yule hana siri, Kidawa. Na Sichana naye, mdomo wake...”

“Mjaka kanioa?”

“Hapana.”

“Sichana je, kanioa?”

Usi akaitazama sakafu.

“Hakukuoa mtu ila mimi,” alisema pole pole. “Na mimi ndiye niliyesema, hakunituma mtu. Wenzangu walikuwa wanachekesha, nkaona na mimi nichekeshe. Nkakutoa wewe. Nisamehe, mke wangu.”

“Na mkate ulikuwaje?”

“Kidawa...”

“Ulikuwaje?”

“Mgumu. Nliutafuna mpaka masikio yakavuma.”

Bi Mwanakheri akakohoa ghafla, akageukia ukutani. Kidawa mwenyewe aliuma midomo, lakini hakucheka.

“Ungenambia siku ile, ningekwambia mchele wa foleni ule umekaa sana ghalani, hauumuki. Tungecheka sote wawili, humo ndani. Ulichonifanyia ni kunitoa nje uchi.”

“Nimekosa. Haya, twende nyumbani.”

“Bado. Pahala uliponivua unapajua. Nenda ukanivishe.”

Siku ya pili, baada ya alasiri, baraza ilijaa. Usi alikataa kukaa, na kikombe cha kahawa akakirudisha.

“Jamani, juzi nlimsema mke wangu hapa. Nlikosea. Anadamka alfajiri kupanga foleni ili mimi nipate kula, nkaja kumfanya kichekesho. Mke wangu asichekwe tena hapa, na wa kwanza kunyamaza ni mimi.”

Mjaka akapiga makofi. “Yakhe, ushakaliwa na mkeo! Kakutia nini kwenye chai?”

Kicheko kikalipuka. Masikio ya Usi yalipata moto. Mzaha wa kumjibu alikuwa nao tayari, tena mkali, unaomhusu Mjaka na mama mkwe wake. Akaumeza.

“Hakunitia kitu. Nnampenda, na nnataka arudi.”

Yapo mengi yaliyosemwa kwenye baraza ile tangu mawe yake yajengwe, lakini hili la mwanamme kusema anampenda mkewe, mchana kweupe, lilikuwa geni. Mjaka alikitazama kikombe chake kwa muda, na kilikuwa hakina kitu.

Usi alipofika Kikwajuni, habari zilikuwa zimeshamtangulia, na kama unauliza kwa mdomo wa nani, basi humjui Sichana. Kidawa alikuwa ameshafunga buibui lake, lakini badala ya kutoka akamgeukia mama yake.

“Mama, kabla hatujatoka, na mimi nna langu.”

“Lipi tena?”

“Nlikwambia Usi hanisikilizi. Mimi nikikasirika huwa sisemi, nnafunga mlango nnakuja kwako. Angesikia nini? Nimekuchafulia mkweo bure, na kosa hilo ni langu.”

Bi Mwanakheri akawatazama mmoja mmoja. “Kwa hiyo mimi mumenifanya kadhi, tena bila ya mshahara! Ondokeni, nendeni kwenu.”

Wakatoka. Njiani Kidawa akauliza:

“Na mimi lipo ninalokuudhi, usilowahi kunambia?”

Usi alitaka kusema hakuna. Ulimi ulikuwa umeshaanza safari, akaurudisha.

“Lipo. Ukikasirika unaondoka. Nnarudi kazini nnakuta mlango umefungwa, roho inanitoka. Nnaogopa, Kidawa.”

Kidawa akasimama katikati ya njia. “Unaogopa nini?”

“Kuwa iko siku hutorudi.”

“Na mbona ukimtuma shangazi unakaa nyumbani unakunywa chai?”

“Chai gani! Hata maji hayapiti!”

“Sikujua, Usi.”

“Sikukwambia.”

Kidawa aliyafuta macho yake kwa pembe ya buibui. “Haya. Nikikasirika, sitoki mlangoni kabla sijasema. Na wewe chakula kikiwa kibaya, nambie nkingali nna mwiko mkononi.”

“Utanipiga nao!”

“Itategemea umesemaje. Tena tukianza kusema, zile redio mbovu ulizozijaza chumbani! Nnalala na nyaya!”

“Nyaya ndizo zinazotulisha!”

“Zitulishe zikiwa dukani!”

“Na kitanda umekijaza vitambaa vyako, hilo nalo nisiseme?”

“Mbona hukusema tangu mwanzo?”

“Si ndio nnasema sasa!”

Sauti zikapanda. Karibu na Mnazi Mmoja, bibi mmoja mwenye kikapu cha ndizi akawasimamisha kwa huruma.

“Wanangu, njia kuu hii! Nambieni kwenu ni wapi, nikamwite mtu mzima aje awapatanishe.”

“Usimwite mtu, bibi!” wakajibu wote wawili kwa pamoja.

Kidawa akamshika Usi mkono wa kanzu na kumvuta waendelee na safari.

“Tuachie,” alisema huku akicheka. “Ugomvi huu ni wetu wenyewe.”