Laini ya Nyumbani Haikufika Mlimani

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi chini ya genge, mguu mmoja hauna kiatu. Huko juu kulikuwa na uzio wa mabomba na kibao cha kuwakaribisha wasafiri wapige picha. Gari la marehemu liliegeshwa kando ya uzio, limefungwa, na magurudumu yamewekewa mawe. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Mtu wa mipango, huyu.

Inspekta alichuchumaa kando ya mwili, akatazama bila kugusa. Kituoni walimwita Inspekta Rudia, nyuma ya mgongo wake na hata mbele yake, kwa sababu hakuwahi kuridhika na maelezo aliyoyasikia mara moja. Ukimweleza jambo, atakwambia, "Rudia." Ukirudia, atakwambia hivyo hivyo tena. Waongo walikuwa wakichoka kabla yake.

"Nani kamwona wa kwanza?"

"Fundi wa matairi," Koplo akajibu. "Tumemkuta anapanda kutoka huku chini na simu ya marehemu mkononi, damu kifuani. Yuko kwenye gari letu. Analia kama mtoto."

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro jioni, mwanga bado upo. Inspekta aliipokea simu iliyopasuka kioo, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo, kisha akapanda juu kusikia kilio hicho.

"Marehemu ameniletea tairi lake la akiba asubuhi," fundi alisema. "Mdogo wake marehemu akaja gereji saa kumi na robo, akanionyesha ujumbe. Kaka yake yuko juu, anataka apelekewe tairi. Nikapanda na pikipiki. Gari nimeliona, mtu simwoni. Nikachungulia. Afande, nilishuka kumsaidia! Nikamgeuza kidogo, nikaona ameshakwisha, nikamrudisha. Simu yake nimeichukua nikapiga kwenu, yangu nimeiacha gereji."

"Rudia."

Akarudia. Halikupungua neno, halikuongezeka.

Mkuu wa kituo hakutaka kurudiwa chochote. Asubuhi alimwita Inspekta ofisini na jalada tayari liko mezani.

"Saa kumi na dakika nne marehemu yuko hai, anatuma ujumbe kwa mdogo wake na kwa binti yake nyumbani kwao. Saa kumi na nusu fundi anapanda. Saa kumi na moja mtu ni maiti. Daktari anasema amekufa kati ya saa saba na saa kumi na moja, kwa hiyo inakubali. Na jana asubuhi watu wote wa gereji wamemsikia fundi na marehemu wakitukanana kwa sababu ya kiraka kibovu. Unataka nini zaidi, uchorewe?"

"Nataka mpaka saa tisa, afande."

"Saa tisa anapelekwa mahakamani. Na mdogo wake anaondoka na mwili leo hii, kibali cha kuvuka mpaka nimeshakisaini. Mtu amefiwa, tusimtese."

Nje, kwenye benchi la mapokezi, mke wa fundi alikaa na bakuli la chakula lililofungwa kitambaa. Alikuwa amekaa hapo tangu milango ifunguliwe. Inspekta alipopita, mwanamke akasimama.

"Afande, mume wangu akiona panya amebanwa kwenye mtego anatoka nje. Leo ndiyo asukume mtu?"

"Kaa, dada. Na hicho chakula mpelekee kingali moto. Koplo, mruhusu."

Wakubwa walimlaumu Inspekta kwa mambo kama hayo, na yeye hakujali hata kidogo. Alijiamini. Kilichokuwa kinamsumbua tangu jana usiku ni kitu kidogo kuliko ukucha, na alikuwa anakwenda kukitafuta.

Mdogo wake marehemu aliingia chumba cha mahojiano amevaa shati jeusi, amenyolewa vizuri. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye tabia ya kupangusa meza kwa kiganja kabla ya kuegemea.

"Pole sana kwa msiba."

"Tumeshapoa, afande."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Kaka alipanda mlimani saa saba, peke yake. Mimi tumbo lilikuwa linanisokota, nikalala pale nyumba ya wageni. Saa tisa nikatoka, nikakaa mgahawani karibu na kituo cha mafuta. Wameniona watu kumi. Saa kumi ujumbe ukaingia."

"Kutoka namba ipi?"

"Namba yake. Ile ya siku zote, ya nyumbani."

"Rudia."

"Namba yake ya nyumbani."

Inspekta aliweka mezani ule mfuko wa vielelezo. "Simu yake ndiyo hii. Ina nafasi ya laini moja tu. Laini iliyomo ni ya huku kwetu, ya kampuni ya Mwangaza. Ya nyumbani haimo."

Kiganja kikapangusa meza. "Alikuwa anabadilisha badilisha. Aa, afande, kaka yangu na laini za simu! Tangu tupange safari hii ni hadithi hiyo hiyo. Kampuni gani inashika wapi, kifurushi gani kina dakika za nje. Kule mpakani alinisimamisha juani saa nzima anawahoji wauza laini. Mimi nikamwambia, washa ya nyumbani twende zetu, watukate watakavyotukata. Wapi! Kwa hiyo atakuwa alitia ya nyumbani, akatuma, akairudisha ya Mwangaza. Ile nyingine imeanguka kwenye majani."

"Ulikuwa unamsikiliza alipokuwa anaeleza hayo?"

"Ya laini?" Kwa mara ya kwanza mdogo mtu alicheka. "Nani ana muda huo, afande?"

Inspekta aliandika jibu hilo neno kwa neno.

Alipompigia binti wa marehemu, sauti iliyopokea ilikuwa imekauka kwa kulia, lakini ilijibu sawasawa.

"Hiyo namba ya nyumbani baba aliitoa kwenye simu walipovuka mpaka. Alinipigia kwa namba mpya, akasema, mwanangu, kuanzia leo nitafute hapa. Ujumbe ulipokuja kwa ile ya zamani nilishangaa kidogo, nikasema labda anajaribu mitambo yake. Ndivyo alivyo. Ndivyo alivyokuwa."

"Laini akiitoa anaiweka wapi?"

"Kwenye daftari lake la bluu, mfuko wa jalada la nyuma. Baba mdogo anajua, tunamtaniaga wote kwa daftari hilo. Afande, nikuombe kitu. Baba aliniahidi kwamba akifika ng'ambo ya mlima atanipigia, ana jambo zito la kuniambia. Hakusema jambo gani. Ukilijua, nipigie wewe. Hata kama ni baya."

"Nitakupigia," Inspekta alisema, maana naye alikuwa na baba wa kuandika andika.

Gari la marehemu lilikuwa uani kwa kituo. Daftari la bluu lilikuwa chini ya kiti cha dereva. Mfuko wa jalada la nyuma ulikuwa mtupu. Ndani, kurasa zilijaa mwandiko mdogo wa kalamu ya risasi: majina ya miji, kona, madaraja, na mbele ya kila moja mtandao unaoshika. Inspekta alisoma amesimama, kisha akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari akasoma tena.

Ukurasa wa mwisho uliandikwa hivi: *Laini ya nyumbani ikivuka mpaka inakuwa mgeni, haina mnara wake. Huku inadandia minara ya Upepo peke yake. Upepo: mjini safi, mlimani hakuna, ng'ambo hakuna. Mwangaza: mjini wastani, mlimani safi, ng'ambo inashika hadi nyumba ya yule mama. Nimemuuliza dereva wa lori mara mbili. Bei si hoja. Nunua Mwangaza.*

"Koplo! Simu yako ina laini ya nani?"

"Upepo, afande."

"Yangu Mwangaza. Washa gari."

Barabara ilipanda kwa kona kumi na mbili. Kwenye kona ya nne Koplo aliitazama simu yake, akaitikisa. Kwenye ya tano ilikuwa imekufa kabisa. Pale kwenye uzio alitembea huku na huku mkono umeinuliwa, akapanda juu ya jiwe, akapanda juu ya boneti.

"Afande, hapa hata nikipanda mabegani kwako."

"Usithubutu." Simu ya Inspekta ilikuwa na mtandao umejaa tele. "Rudia. Zunguka tena uzio wote."

Koplo alizunguka mara tatu. Upepo haukuonekana. Kando ya kibao, nyuma ya vichaka, waliona kijia cha kuteremkia mjini. Inspekta alimtuma Koplo ashuke nacho kwa miguu, naye akateremka na gari, akamsubiri nyuma ya nyumba ya wageni. Dakika thelathini na nane. Koplo alifika anahema, suruali imejaa miba.

"Mtu mwenye tumbo linalosokota anaweza kukipita?" Inspekta akauliza.

"Kama linamsokota kwa uongo, anaweza."

Saa nane na dakika ishirini taarifa ya Upepo iliingia, ile aliyoiomba kwa hati kabla ya kupanda mlimani. Inspekta aliisoma mara mbili, akaipiga mhuri, akaomba mdogo mtu aletwe na simu yake. Mkuu wa kituo alikuja pia, akasimama mlangoni anatazama saa ya ukutani.

"Rudia," Inspekta alisema. "Kaka yako alituma ujumbe akiwa wapi?"

"Mlimani."

"Kwa laini gani?"

"Ya nyumbani. Jamani, mara ngapi?"

"Mara hii tu. Laini yenu ya nyumbani, ikiwa huku, inatumia Upepo tu. Mlimani hakuna Upepo. Nimetoka huko sasa hivi, na Koplo nusura avunje boneti. Kaka yako alilijua hilo tangu mpakani, ndiyo maana akakusimamisha juani saa nzima. Ungemsikiliza, ungejua nawe."

Kiganja kilikuwa katikati ya meza. Kikaganda hapo.

"Ujumbe umepita mnara wa sokoni," Inspekta aliendelea, "ule ulio nyuma ya mgahawa ulimokuwa umekaa. Na kampuni inapopokea laini inaandika pia namba ya utambulisho ya simu yenyewe, namba ya kiwandani. Laini unaweza kuitupa chooni. Simu hukuitupa. Bonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli. Soma kwa sauti."

Hakubonyeza. Koplo akaichukua simu, akabonyeza, akasoma tarakimu kumi na tano polepole. Inspekta alizifuata kwa ncha ya kalamu kwenye karatasi ya Upepo, moja moja, mpaka ya mwisho. Zilikuwa zile zile.

Mlangoni, mkuu wa kituo alisahau saa ya ukutani.

"Yule mama ni nani?" Inspekta akauliza kwa upole. "Yule wa ng'ambo ya mlima."

Hapo ndipo mdogo mtu alipobwaga manyanga. Alilia kwanza, kwikwi za mtu mzima, kisha maneno yakamtoka.

"Miaka kumi na miwili iliyopita tulipita barabara hii. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Nilimgonga mwanamume mwenye baiskeli, mbele ya nyumba yake. Mkewe alitoka mbio, tukamwona kwenye kioo. Kaka akasema simama. Sikusimama. Miaka yote hiyo hatukulisema. Mwaka huu akaniambia twende tukatembee, tubadilishe hewa. Tulipofika mpakani ndiyo ananiambia tunakwenda kwa yule mama, tukapige magoti, halafu nijipeleke polisi. Nina watoto watatu, afande! Nikamsihi usiku kucha. Akasema, mdogo wangu, nitakuwa kando yako kila siku ya kesi."

"Laini uliichomoa lini?"

"Jana asubuhi, anaoga. Saa saba nikapanda naye. Alikuwa amenipa mgongo, anahesabu alama za mtandao kwenye simu yake." Akajifuta uso. "Alifurahi. Alisema inashika."

Inspekta alikuwa na hasira, na hakuificha.

"Na fundi wa watu ukamtuma akaiokote maiti yako. Yeye hana watoto?"

Alisoma maelezo yote kwa sauti, mtuhumiwa akatia sahihi kila ukurasa. Mkuu wa kituo alilichukua lile jalada la fundi, akalikunja, akaondoka bila neno. Saa tisa kamili fundi alitoka mahabusu na bakuli tupu mkononi. Mkewe alimpokea bakuli kwanza, ndipo akamkumbatia.

Kesho yake asubuhi Inspekta alivuka mlima peke yake. Nyumba ilikuwa ya kwanza baada ya daraja, kuta zimepakwa chokaa, baiskeli iliyopinda imeegemezwa ukutani na kutu imeila. Mama mwenye nyumba alimkaribisha kiti. Inspekta alimweleza yote, tangu baiskeli hadi genge, bila kupunguza. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Kwa hiyo yule aliyesema simama," hatimaye aliuliza, "alikuwa anakuja hapa?"

"Alikuwa anakuja. Alitafuta laini itakayoshika mpaka kwenye kizingiti chako, ili ampigie binti yake akiwa mbele yako."

Inspekta alitoa simu. Mwangaza ulikuwa umejaa. Alipiga namba ya binti, akamweleza vile vile, hata lililo baya.

"Huyo mama yupo hapo?" binti akauliza.

"Yupo."

"Nipe niongee naye."

Mama aliipokea simu kwa mikono miwili, akaisogeza sikioni. Sauti ya msichana ilifika safi, haikukatika hata kidogo.

"Shikamoo, mama. Baba yangu alikuwa njiani anakuja kwako. Nimalizie mimi?"

"Marahaba, mwanangu," mama akasema, na machozi yakamtiririka. "Malizia, nakusikia."