Nondo za Upande wa Ukuta

Ukuta wa nyuma wa jengo la ghorofa ulimwangukia dobi saa nne asubuhi, akianika mashuka. Mpelelezi alipofika, maiti ilikuwa imefunikwa kwa shuka mojawapo, na mlinzi wa mtambo wa umeme unaokausha udongo wa jengo alikuwa ameshafungwa pingu. Kipande cha waya wa mtambo kilikuwa kimekutwa kibandani mwake.

Mpelelezi hakuwa mgeni hapo. Dada yake aliishi ghorofa ya juu na wanawe, na kila alipoambiwa ahame alicheka: ahamie wapi, mfukoni mwa mdogo wake?

"Nieleze tena, fundi," alimwambia fundi umeme, mtu mpole aliyependwa na wapangaji wote.

"Udongo huu wa mfinyanzi umelewa maji, afande. Tunapigilia nondo safu mbili, moja ukutani, moja mtaroni, tunapitisha umeme. Maji yanakimbia chanya, yanakwenda hasi. Chanya tunaiweka ukutani ili udongo wa pale ukauke, ukaze. Mlinzi kaiba waya, umeme ukakatika, basi."

"Na nondo zenyewe?"

"Za chanya huliwa na kutu. Hakuna namna."

Mpelelezi alichuchumaa. Nondo za mtaroni zilikuwa zimeliwa zikabaki kama njiti. Za ukutani zilikuwa nzima, na tope lililozizunguka likammeza kiatu. Akaogopa, maana aliwaza ghorofa ya juu, kwa dada yake.

"Umeme haukukatika, fundi. Umepita kinyume, tena kwa muda mrefu. Na ufunguo wa mtambo unao wewe peke yako."

Fundi alikaa topeni, suruali na yote.

"Niliwaambia wakubwa jengo hili haliponi. Wakasema nikaushe udongo, ninyamaze. Wapangaji nikawasihi, wakanicheka. Nikaona likipata nyufa mbili tatu wataogopa, watahama wenyewe. Nyufa tu, afande! Dobi alikuwa ananifulia bure."

"Tukiugeuza umeme sasa?"

"Tumechelewa. Maji yameshafika chini ya nguzo."

Mlinzi alifunguliwa pingu. Hakushukuru mtu, alikwenda kukaa kando ya maiti. Mpelelezi alimwingiza fundi garini, kisha akapanda ngazi mbio.

Dada yake alikuwa anafagia vumbi la plasta.

"Dada, fungasha. Leo hii."

"Kwani aliyefanya hamjampata?"

"Tumempata."

"Sasa wasiwasi wa nini tena, mdogo wangu?" Akaendelea kufagia, akisukuma vumbi hadi mlangoni. Mlango wenyewe ulikuwa haufungiki tena.