Maji ya Mzee Solomon

Kila asubuhi, Jennifer alipokuwa akienda kusubiri basi la shule pale mtaani Thamesmead, ughaibuni, alimkuta Mzee Solomon ameinama mbele ya gari lake la buluu, akiongeza maji kwenye rejeta. Alimsalimu, akapita zake.

Mama yake, Priscilla, alikuwa amepata kazi ya kuwahudumia wagonjwa majumbani. Sharti lilikuwa moja: awe na gari. Mzee Solomon, mzee wa kanisa lao, akasema atamuuzia lake. Priscilla hakuwa mjinga; alimwita Fundi Jitendra, mzaliwa wa Kisumu mwenye gereji Woolwich, mtaa wa jirani.

Fundi aliingia chini ya gari na tochi, kisha akaliendesha hadi sokoni na kurudi.

"Breki safi, injini haigongi, maji yamejaa," alisema. "Lakini mama, mimi nimeona gari la leo. La jana analijua mwenyewe. Mzee, lina ugonjwa wowote?"

"Halina, Mungu ni shahidi," akajibu Mzee Solomon.

Jennifer alishtuka. "Lakini mzee, yale maji ya kila..."

Mama akamtolea macho. "Jennifer! Wakubwa wanazungumza."

Akafyata ulimi. Hata nyumbani hakulitaja tena. Kusema kweli, naye alilitaka gari lile.

Wiki ya tatu baada ya mama kulinunua, injini ilichemka, moshi mweupe ukatanda, gari likazima barabarani. Bibi mmoja mgonjwa aliyekuwa akimsubiri Priscilla alikaa bila chakula wala dawa hadi jioni. Priscilla akafutwa kazi.

Walipomwendea Mzee Solomon, alitabasamu. "Si fundi wako mwenyewe alilikagua?"

Jitendra alifungua injini, akasikitika. "Imekufa. Ilikuwa ikinywa maji polepole. Kwa kulikagua saa moja tu nisingejua."

Jennifer akaangua kilio. "Mimi nilijua! Nilimwona akiongeza maji kila siku."

Priscilla alimvuta karibu. "Na mimi ndiye niliyekuziba mdomo," alisema kwa uchungu.

Mwezi uliofuata alipata kazi ya jikoni, yenye mshahara mdogo, lakini ya kufikika kwa basi. Asubuhi moja walikuwa kituoni pamoja Mzee Solomon alipopita na gari jipya, akawapigia honi. Jennifer akainua mkono kwa mazoea. Mama akaushusha taratibu.

"Kukagua gari ni lazima, mwanangu, lakini fundi hukagua chuma, hakagui moyo wa mtu," alisema. "Waheshimu wakubwa. Ila ukijua ukweli, useme, hata nikikukemea mimi."