Kilemba cha Kuzibia Shimo

Kumwonya rafiki yangu, mpima udongo, ni kutwanga maji kwenye kinu. Siku hiyo alizamisha bomba la kuchotea sampuli kwenye tope jeusi la kinamasi. Alipolichomoa, shimo likaguna.

"Usilizibe, dada, liache lipumue," mbeba vyombo wake alimsihi.

"Tope linapumua? Hiyo ni gesi! Hewa ikiingia, mimea iliyolala humo miaka elfu bila kuoza itaanza kuoza." Akavua kilemba, akakisokomeza shimoni. Mguno ukakatika.

Hatua ishirini mbele akatoboa tena, mita nne kwenda chini. Bomba likapanda zito. Akalifungua huku akimcheka mwenzake.

Katikati ya tope linalochuruzika maji kulikuwa na kilemba chake, kikavu, kimekunjwa vizuri mara nne.